Nilivyokwenda Lugari Kumpiga Picha Mama Mkwe

Mke wangu Nanjala alijifungua mtoto wetu wa kwanza mwaka uliofuata Uhuru, na akiwa bado kitandani alinipa kazi ambayo hakuna mkwe wa Kiluhya angeifurahia: niende Lugari nikampige picha mama yake. Mama alikuwa na uvimbe shingoni, na habari zilizotufikia Kakamega zilisema kwamba hata uji sasa unamshinda. Baba yake Nanjala alikuwa amekufa zamani bila kuacha picha yoyote.

"Nimeanza kuisahau pua yake," Nanjala aliniambia. "Mama naye akienda hivyo, huyu mtoto nitamwonyesha nini?"

Kwa wasomaji wasiotujua, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hujitupa kichakani mpaka mwenzake apite. Mama huyo nilimwona mara moja tu, siku ya harusi, kwa mbali, leso imemfunika mpaka machoni. Sasa naambiwa nikamkazie macho kwa makusudi, tena kwa chombo! Nilishuku kwamba homa ya uzazi imempanda mke wangu kichwani.

Kamera nilikuwa nayo, hilo sikuweza kulikana. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliuza vyombo vyake barazani. Wenzangu waligombania viti na masufuria, mimi nikatoka na kamera nyeusi ya sanduku, ya kushikwa tumboni na kutazamwa kwa juu, kwenye kidirisha cha kioo. Tangu siku hiyo sikuigusa. Mzungu gani anaacha kitu kizima? Nilikuwa na hakika kwamba nimeuziwa sanduku tupu, na sikuwa na haraka ya kuthibitisha.

Asubuhi ya safari nilipitia duka la Mhindi aliyepiga picha za watu mjini. Alinitilia filamu, akanionyesha namna ya kuizungusha, akaniambia nilipe jua mgongo na nibane pumzi ninapobonyeza. Alitabasamu mno kwa mtu anayeuza filamu, nami sikulipenda tabasamu lile. Nyumbani Shieywe, Nanjala aliifunga kamera ndani ya leso yake kuikinga na vumbi, nikaikumbatia nikapanda basi la kaskazini.

Malava basi lilisimama kuchukua abiria. Bwana mmoja mwenye koti la mvua aliketi karibu nami na kuniuliza nimebeba nini. Nilimjibu ni dawa. Akauliza dawa ya nini, nikasema ya ng'ombe. Hapo akafurahi, akaanza kunieleza maradhi ya ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, akitaka ushauri. Nilimshauri kwa kadiri nilivyoweza, huku nimeibana leso kwapani. Mashamba ya miwa ya Kabras yalipita dirishani pamoja na moshi wa vinu vya sukari guru, na sikuona uzuri wake wowote, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya yule bwana.

Saa sita mchana nilishuka Broderick Falls, kama Webuye ilivyoitwa wakati huo, nikapata lori lililokuwa likipeleka mbegu za mahindi Lugari. Huko nyasi ni ndefu na anga ni pana kuliko kwetu. Mashamba makubwa ya Wazungu yalikuwa yamekatwa vipande na kugawiwa watu waliotoka kila upande, kila mmoja mgeni kwa jirani yake. Nyumba zilikuwa mpya, na nyaya za mipaka bado ziling'aa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba asiyelima atanyang'anywa shamba. Mimi nikashuka katikati ya uvumi huo nikiwa na suruali iliyopigwa pasi, viatu vyeusi na kitu kimefungwa kwapani.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia alinisimamisha kwa jembe. Nilimwambia naenda kwa Wafula, shemeji yangu, ambako mama aliishi. Alinitazama viatu kwanza, uso baadaye.

"Watu ya kupima wanakujanga hivi hivi," alisema. "Leo ni shemeji, kesho tunaambiwa mpaka imesogea."

Akaweka jembe begani akanifuata nyuma. Njiani waliongezeka wengine, nao walinisalimu vizuri tu, lakini hakuna aliyerudi kwenye kazi yake. Nilifika kwa Wafula nimesindikizwa kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu.

Wafula, kaka mkubwa wa Nanjala, alisimama uani na mkewe. Nilitarajia kiti. Mkwe akifika hupewa kiti, halafu maji, halafu kuku anaanza kukimbizwa. Sikupewa kiti, na kuku waliendelea kuparura kwa amani. Niliwasalimu, wakajibu kwa chini. Nikawaza kwamba wamesikia jambo baya juu yangu, na nikaanza kupekua moyoni ni nani aliyelisema. Kumbe macho yao hayakuwa usoni pangu. Walikuwa wakiitazama ile leso.

Ndipo kilio kikapanda kutoka ndani ya nyumba, kilio cha mwanamke asiye na nguvu.

"Sema tu, shemeji," Wafula alisema. "Amekufa, ama umemrudisha?"

Nilielewa. Leso ile mama ndiye aliyempa bintiye alipoolewa, na kila mtu pale aliijua. Mwanamume anayekuja ukweni peke yake, bila kutuma habari, amebeba leso ya mkewe imekunjwa, huja kwa mambo mawili tu: kutoa habari ya msiba, au kurudisha vitu na kudai ng'ombe wake. Nilipokuwa nikiwashuku watu njia nzima, sikukumbuka kujitazama mwenyewe. Niliifungua leso haraka, nikapayuka kwamba Nanjala ni mzima, amejifungua mtoto wa kike, na kwamba hii ni kamera, si kitu kingine.

Kilio kilikatika. Mke wa Wafula aliketi chini palepale, akajipangusa uso. Lakini wale walionisindikiza walikaribia zaidi, maana kwao kamera ilikuwa mbaya kuliko msiba. Mzee wa jembe alisema waziwazi kwamba picha ni ya ofisini, ya kuonyesha nani amelima na nani ameweka ndugu zake shambani bila ruhusa. Wafula naye alianza kunikodolea macho. Nilipomweleza kwamba nimetumwa nimpige picha mama yake, aliuliza polepole ni wapi duniani mkwe alitumwa kumtazama mama mkwe. Niliwaza kufunga kamera na kuondoka, nikamwambie Nanjala kwamba chombo kilikuwa kibovu.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. Mama hakuzungumza nami, haikuwezekana. Alizungumza na mwanawe kwa sauti iliyokwaruza, nami nikiwa hatua chache tu, nikisikia kila neno.

"Muulize, hiyo kitu anaitazama namna gani."

Wafula aliniuliza. Nilimwonyesha: kamera unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unatazama kioo cha juu. Mtu aliye mbele humwoni yeye, unaona kivuli chake kwenye kioo, kidogo kama punje ya mahindi. Wafula alichungulia mwenyewe, akamweka mkewe mbele, akacheka bila kutaka. Kisha akaenda mlangoni kueleza.

Nilimsikia mama akivuta pumzi kwa shida.

"Mwambie mkwe wako atapiga," alisema hatimaye. "Lakini ikitoka asiitazame. Ni ya binti yangu na mtoto."

Walimtoa wakamketisha kwenye kigoda mlangoni. Mimi nilikuwa nimegeuka, nimetazama migomba. Wafula alinishika mabega akanigeuza kama kipofu, kichwa changu kikiwa chini, na kwenye kioo nikaona kitu cheupe kimeketi kwenye giza la mlango. Uso sikuuona, ulikuwa mdogo mno. Tumbo lilipanda na kushuka, na kile cheupe kikapanda na kushuka nalo.

"Kichwa chake kiko chini?" mama aliuliza.

"Kiko chini, Mama," Wafula alijibu.

"Basi apige."

Nilibana pumzi, nikabonyeza. Chombo kilitoa sauti ndogo sana hata sikuamini kwamba kimefanya kazi.

Baada ya hapo kuku alikimbizwa, na obusuma, ugali wetu, ukasongwa. Mzee wa jembe alikula nasi, kisha akanivuta kando: kama picha kweli haiendi ofisini, je, ningempiga yeye akiwa na ng'ombe wake? Nilimaliza filamu yote pale, na kila nilipoinama juu ya kile kioo nilisahau kumshuku mtu. Hilo lilikuwa jambo geni kwangu. Mtu akiwa ndani ya kioo nilimtazama tu alivyo, ameshika pembe ya ng'ombe wake, amenyoosha shingo.

Kesho yake nilirudi Kakamega, nikapeleka filamu kwa Mhindi. Siku za kungoja zilinitesa. Nilikuwa na hakika kwamba ataichoma kwa mwanga, au atasema haikutoka huku ametupa. Alipoita, nilimwomba azitie picha zote kwenye bahasha na kuifunga, asinionyeshe. Alinitazama kana kwamba nina wazimu. Nilimuuliza kama zimetoka, akasema zimetoka. Nilitembea mpaka Shieywe bila kumwamini.

Nanjala alifungua bahasha, mtoto akiwa mapajani. Niligeukia ukuta. Sikusikia neno, wala karatasi kugeuzwa. Nikajua haikutoka. Nilikuwa tayari nimeanza kumtukana yule Mzungu moyoni.

"Ulimwambia nini?" Nanjala aliuliza, na sauti yake ilikuwa na machozi.

"Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje?"

"Basi mbona anacheka?"

Mama alifariki kabla mahindi ya Lugari hayajakauka. Tangu hapo sijaacha kamera: nimepiga harusi, mafuriko, wajukuu, na watu wengi waliokuja kwangu na nyuso zilizofungwa kama yule mzee wa jembe. Huwa nainama na kungoja. Nilichojifunza Lugari ni kwamba mtu hufunguka pale unapompa nafasi ya kutokukuogopa, na hilo halifundishwi dukani pamoja na filamu.

Baada ya mazishi Wafula alisema mwiko sasa umekwisha, na Nanjala akaiweka ile picha mezani, imelala kifudifudi, akatoka nje na mtoto. Niliketi mbele ya picha muda mrefu. Mimi ambaye huhesabu chenji mara mbili, ambaye hurudi kusukuma mlango niliokwisha kuufunga, sikuigeuza. Mke wangu alisema mama anacheka, nami nikaamini.