Mkono wa Birika

Watu wa mtaa ule hawana dogo. Mtu akichechemea wiki moja tu, keshapewa jina la kumfuata mpaka kaburini. Kwa hiyo fundi mkata nguo alipoanza kupinda mkono kila anaposhika mkasi, hawakuhitaji hata siku mbili. Wakamwita Birika. Kilichowachekesha zaidi ni kwamba hakuna mtu mtaani aliyekuwa mbali na uchoyo kama yeye. Mteja akileta kitambaa pungufu, alichomoa kipande kabatini mwake akaongeza kimyakimya, wala hakukitaja tena.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza mbele ya meza moja pana ya mbao, akikata mashati na suruali ambazo dada yake mkubwa alizishona kwa cherehani ya pale dirishani. Waligawana kazi hivyo tangu ujana: kaka mkasi, dada sindano. Yeye alikata mchana, akafunga vipande kwa uzi, kila nguo furushi lake. Dada alifika alfajiri, akafungua mafurushi, akashona.

Mambo yalianza kidogokidogo. Kwanza kidole cha shahada kilijikunja chenyewe kwenye tundu la mkasi. Akalaumu kitambaa. Kisha kiwiko kikawa kinapanda, kifundo kinapinda kuelekea kifuani, mstari wa chaki uko kule na makali yako huku. Akalaumu mkasi, akaupeleka kwa mnoaji. Mnoaji aliujaribu kwenye kitambaa chembamba, akautazama juani, akamrudishia.

"Mkasi mzima huu, fundi. Labda mgonjwa ni mwenye mkasi."

Ilimkera, maana hakujiona mgonjwa. Mkono uleule uliandika vizuri, ulifunga vifungo, ulimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika. Ukishika mkasi tu, unakaza. Majirani nao wakageuka madaktari. Mmoja akasema ni kiharusi, mwingine uzee, na yule mama aliyekuwa na ugomvi na nusu ya mtaa akasema amerogwa na fundi mwenzake. Wengine walisema ni uvivu tu, mbona kijiko hakimshindi? Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Akaanza kukata akiwa peke yake, mlango ameurudisha, na moyoni ana swali moja: mkataji asiyeweza kukata ni nani?

Dada yake hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku moja alimwambia avae viatu, akamfikisha hospitali kwa mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu, binti mwenye miwani ambaye angeweza kuwa mwanawe. Kabla hawajakaa sawasawa, dada alishaanza.

"Daktari, mdogo wangu huyu ana mkono wa birika. Nakuomba unisaidie."

Daktari akaweka kalamu chini. "Pole, mama. Lakini uchoyo mimi sina dawa yake. Hayo mkayamalize nyumbani."

"Uchoyo gani tena? Nasema birika! Birika lenyewe!" Akaukunja mkono wake kumwonyesha.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Na fundi, ambaye kwa miezi alikuwa hacheki na mtu, akajikuta anacheka naye. Baadaye alisema kwamba matibabu yake yalianzia hapo.

Binti yule alimpima kwa utulivu. Alimwandikisha jina, akamfungisha kamba za viatu, akamnyooshesha mikono. Vyote salama. Kisha akampa mkasi na gazeti kuukuu, na mkono ukapinda palepale.

"Kuna kitu chochote kinachoutuliza, baba?"

Fundi akaona haya. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa subana, kile kikofia cha chuma wanachovaa washonaji ili sindano isiwachome kidole. Mkataji hana kazi na subana. Lakini alikuwa amegundua kwa bahati tu kwamba akiivaa kwenye kidole cha kati, mkono unalegea kidogo. Hakumwambia mtu, akiogopa wataiita hirizi.

"Kumbe wewe!" dada akamaka. "Nimeitafuta subana hiyo mpaka nimepekua taka!"

Daktari yeye alifurahi kama aliyeokota kitu. Akamweleza kwamba hiyo ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe. Misuli ya mkono hufanya kazi kwa zamu, huu ukivuta ule unaachia, na ubongo ndio unaopanga zamu hizo. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi ya kurudia kitendo kimoja kidogo, ubongo huvuruga zamu, misuli yote ikavuta kwa pamoja, na kwa kazi ile moja tu. Huwapata waandishi, wapiga vinanda, mafundi. Kitu kidogo kikigusa ngozi, kama subana, wakati mwingine hukumbusha ubongo zamu zake.

"Kwa hiyo si kwamba nimerogwa?"

"Hukurogwa, wala si uvivu. Umefanya kazi sana, baba."

Fundi aliinamisha kichwa. Neno hilo alikuwa akilihitaji kuliko dawa.

Dawa nayo haikuwa mteremko. Vidonge vya kwanza vilimkausha kinywa hadi ulimi ukagoma kutamka, vikaachwa. Ikaja sindano, inayochomwa kwenye misuli ya mkono ili kuilegeza ile inayovuta kupita kiasi. Siku kumi baadaye vidole vilikuwa legelege kiasi kwamba hata kufunga kifungo kulimshinda, akadhani sasa ndiyo basi. Daktari alimwambia avumilie, safari ijayo atapunguza kipimo. Mtaalamu wa mazoezi naye akamfundisha kukata upya kama anayeanza kazi leo: mkasi mwepesi wenye matundu mapana, subana kidoleni, karatasi kwanza, polepole, na mkono ukianza kukaza aache, asipigane nao. Aliambiwa wazi kwamba ugonjwa hauponi kabisa, na kwamba kila baada ya miezi mitatu au minne atahitaji sindano nyingine. Alikubali yote.

Kisha ikaja asubuhi aliyoshindwa kungoja mchana. Akamkuta dada yake dukani, akatandika kitambaa cha suruali, akachora kwa chaki, akakata mbele yake. Ilimchukua muda mara mbili ya zamani. Lakini mkasi ulikwenda juu ya mstari, mwanzo hadi mwisho.

Dada alichukua vile vipande, akavilinganisha ncha kwa ncha, akapitisha kidole ukingoni. Akaviweka moja kwa moja chini ya sindano ya cherehani, na machozi yakaanza kumtoka.

"Vipi, dada? Nimeharibu?"

"Hujaharibu. Mwezi wa kumi na moja huu, leo ndiyo mara ya kwanza nashona ulichokata bila kukikata upya."

Fundi akaketi. Dada akamweleza huku akikanyaga cherehani, bila kumtazama. Kila alfajiri alifungua mafurushi yake, akanyoosha kingo moja moja. Kilichopotoka sana alikigeuza mfuko, kisichofaa kabisa alikata kingine. Na fundi miezi yote hiyo, kwa kuwa hakuna mteja aliyerudisha nguo, alijipa moyo kwamba mkono haujawa mbaya hivyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeuweka mkasi chini. Na ungeuweka, ungeuokota tena wewe?"

Jibu wote wawili walilijua.

"Asante, dada."

"Asante utanipa baadaye. Nikatie mikono ya lile shati jeupe, mwenyewe anakuja saa sita."

Akainuka, akatandika kitambaa cheupe. Hakuharakisha. Pale dirishani dada yake alimaliza suruali, akaweka mikono mapajani, akakaa kumngoja.