Pikipiki ya Chanjo Kwenye Mbio za Kakuma

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, katikati ya miaka ya sabini, nilisimama nje ya lango la karakana nikijiuliza kama niingie na barua ya ajira mkononi au mfukoni. Mkononi ningeonekana mwenye haraka, mfukoni mwenye kiburi. Fundi Mkuu, mtu mfupi kutoka Magharibi aliyekwisha kukaa kaskazini miaka mingi, alikuwa amelala chini ya Landrova. Aliona viatu vyangu tu.

"Wewe wa shahada," akasema, "kama bado hujaamua kuingia, nishikie hii spana."

Ndivyo nilivyokaribishwa katika utumishi wa umma.

Cheo changu kilikuwa afisa msaidizi wa mitambo. Mitambo yenyewe ilikuwa malori mawili, Landrova hiyo, na pikipiki za wachanjaji wa mifugo, ambao walizunguka na sanduku la chanjo tangu Lokichar hadi Nakalale. Injini zao zilikuwa za mapigo mawili. Ninyi mliozoea pikipiki za siku hizi huenda hamkuziona: hazikuwa na mahali pa kutilia oili peke yake, ilichanganywa na petroli ndani ya tangi, sehemu moja kwa ishirini. Oili ikipungua, pistoni hupata moto, hukwama, na injini hufa. Ikizidi, plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, hulowa na kujaa masizi, na pikipiki hukohoa hadi inyamaze. Tulipima kwa kopo la maziwa. Mimi nilipima, nikamwaga, nikapima tena, na usiku nikaota nimekosea.

Mwezi wa nne Fundi Mkuu aliniletea fomu ya kufuta vifaa vichakavu. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa pikipiki ya Ekai, mchanjaji aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Pikipiki mpya haikuwa inakuja. Nikisaini, Ekai angerudishwa kulinda lango, kazi aliyoianzia, na mbuzi wa upande wa Nakalale wangengoja chanjo ambayo haifiki. Nisiposaini, na injini ikamfia porini mbali na maji, lawama ingekuwa yangu, na pengine maiti pia. Nilikaa na fomu ile siku tatu.

Ekai alikuja mwenyewe. "Ejok, Injinia," akanisalimu, akaketi kwenye kigoda alichotembea nacho kana kwamba hana neno. Baadaye akasema, "Nasikia pikipiki yangu nakuwa mzee. Mimi pia mzee. Mimi bado natembea."

Nilipomweleza Fundi Mkuu kwamba sijaamua, hakunigombeza. Alisema Jumamosi kulikuwa na safari ya pikipiki hadi Kakuma, na Jumapili mbio za mstari ulionyooka. "Ifike, ikimbie, irudi hapa kwa nguvu zake. Ikishindwa moja tu, unasaini ifutwe. Mimi naona itashindwa."

Mashindano yale yalikuwa ya watumishi wa serikali, walimu na wafanyabiashara. Hakuna aliyekuwa mwanamichezo. Kila mmoja alipanda pikipiki aliyoitumia kazini Ijumaa na ambayo angeitumia kazini Jumatatu. Tulitoka Lodwar alfajiri, kumi na mbili kwa jumla, Fundi Mkuu akifuata na Landrova nami kando yake. Kwenye kila laga, yaani mto mkavu, waendeshaji walipunguza upepo kwenye magurudumu ili yasizame mchangani, wakavuka wakiwa wamesimama, kisha wakapiga pampu upande wa pili. Wengi walianguka. Ekai hakuanguka hata mara moja. Tulifika Kakuma wote, na nililala nikiamini mabaya yamepita.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa kiwanja cha ndege. Wenzetu wa idara ya barabara walikuwa wamepima robo maili kwa mnyororo wao wa kupimia, na wazee wa hapo wakawa wameondoa mbuzi. Pikipiki zilishindana mbili mbili. Afisa Tarafa alishika kofia yake juu, akiiangusha mnaondoka.

Ekai alipangwa na Mwalimu wa shule ya hapo, mwenye pikipiki ambayo bado ilinukia rangi. Kofia ilianguka. Mwalimu aliondoka. Yetu ilitoa wingu la moshi mweupe, ikakohoa mara tatu, ikazimika.

"Daktari wa mbuzi," Mwalimu akapaza sauti aliporudi, "hiyo ni pikipiki ama unachoma makaa?"

Uwanja mzima ulicheka. Afisa Tarafa alituambia tuna nafasi moja tena, na Mwalimu yuleyule, mwisho wa mbio zote. Tuliikokota kando, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi, inachuruzika oili.

"Nani alitia oili?" Fundi Mkuu akauliza.

Nikaona bora niseme. Nilipima sawasawa asubuhi, nikaogopa joto, nikaongeza nusu kopo. Ekai akatazama chini. Yeye pia aliongeza kabla ya ibada, kwa sababu, alisema, shahada yangu haijawahi kulala Lokichar na injini iliyokwama. Tukangoja Fundi Mkuu atuchane. Akavua kofia, akafuta jasho muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Hata mimi," akasema. "Baada ya ibada. Kopo zima."

Mtu aliyesema itashindwa ndiye aliyeitilia nyingi kuliko sote, isife. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Tulimwaga tangi kwenye beseni la mama muuza chai, tukanyonya petroli ya Landrova kwa mpira, nikasugua plagi kwa msasa. Fundi Mkuu akanipa kopo. "Pima wewe. Mara moja. Mimi na huyu tutatazama kwingine." Na kweli waligeuka, wakatazama milima.

Nilipima mara moja. Mkono ulitaka kurudi, nikaukataza.

Ekai aliondoka mbele ya Mwalimu, akaongoza hadi mita za mwisho, akapitwa kwa gurudumu moja. Mwalimu alishuka akamshika mkono, akamwambia wazi kwamba mwaka ujao atakuja na pikipiki nyingine yenye kasi zaidi. Jioni hiyo tulirudi Lodwar, Ekai mbele, sisi nyuma kwenye vumbi lake.

Jumatatu Fundi Mkuu aliiweka fomu mezani kwangu. Nikamuuliza niandike nini.

"Injinia ni nani hapa?"

Nikaandika: inafaa kazi. Sikuisoma mara ya pili.

Tangu siku hiyo karakana yetu ilikuwa na sheria: anayetia oili hufunga kitambaa kwenye usukani, na akishafunga, hakuna mwingine anayegusa tangi, hata awe mkubwa kiasi gani. Niliibeba sheria hiyo hadi Kakuma nilipopandishwa cheo, na hadi Kapedo nilikomalizia utumishi. Nimestaafu bila injini hata moja iliyokwama mikononi mwangu, na nalisema hilo bila haya. Ekai aliendesha ile pikipiki miaka sita zaidi. Alipoiacha, aliileta karakana mwenyewe, akiiendesha.