Baruti Haina Matabishi

Mume wangu anapolenga shabaha, shavu lake hukaa upana wa kiganja tu kutoka kwenye komeo la bunduki, na mbele kidogo ya komeo hilo ndipo baruti inapowakia. Nilianza kupima baruti nikilijua hilo vizuri. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba ulikuwa mchezo wa mwanamke aliyechoka kufuma vitambaa.

Tulifaulu mtihani wa uwindaji pamoja, yeye dereva wa basi, mimi mhudumu wa wazee majumbani. Mzee mmoja Mswidi wa Upplands Väsby, ambaye nilimhudumia mkewe hadi siku yake ya mwisho, ndiye aliyetukaribisha kwenye kikundi chake cha kuwinda älg, yule mnyama mkubwa kuliko ng'ombe anayevuka barabara bila kumwangalia mtu. Wenzetu wa Kivu hapa Tensta walitushangaa. Tulikimbia bunduki miaka yote hiyo, leo tunaziomba kwa fomu? Hata mume wangu mwenyewe, siku za mwanzo mikono ilimtetemeka. Lakini alisema amechoka kuogopa chuma, nami nikamwambia kama ni hivyo tutaogopa wote wawili mpaka tuzoee.

Bunduki yetu ni moja yenye vibali viwili, changu na chake. Ni ya zamani, na risasi zake madukani hupatikana kwa kubahatisha. Mzee akashauri tujaze maganda wenyewe: fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi juu. Mashine ya kubania alituazima. Mizani, alisema, kila mtu hununua yake na haiazimi.

Dukani kijana alitaka kunipa ya betri yenye namba za kijani. Niliweka sahani ileile tupu juu yake mara tatu, ikanipa majibu mawili tofauti. Nikamrudishia. Mimi ni mtoto wa muuza unga wa soko la Uvira, nimekua chini ya meza ya mizani, sina muda wa kubishana na chombo kinachogeuza maneno. Nilitaka ya ufito: fimbo nyembamba ya chuma yenye meno ya kuhamishia vizito, kisahani upande mmoja, na upande mwingine ncha inayopanda na kushuka mbele ya mstari. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imepakwa mafuta kwenye makali yake, pale ufito unapolalia. Aliyeipaka alidhani anaitunza. Vumbi lilikuwa limeganda humo, na ncha ilisimama popote ilipojisikia.

Ya pili niliipata Vällingby, kwa mjane wa mwindaji. Niliinua kisahani na kukirudisha mara kumi, na mara zote kumi ncha ilirudi kwenye mstari uleule. Nikaomba lenzi, nikayakagua makali: hayakuwa na pengo wala kutu. Mjane alinisubiri kwa subira, akaniuliza kama nafanya kazi ya sonara. Nikasema hapana, nina mume.

Nikawa naitunza kuliko mtoto mchanga. Jumamosi asubuhi nilizima feni ya jiko kwa sababu upepo wake ulitosha kuusukuma ufito. Nilifunga dirisha, nikaweka pimamaji mezani, nikakunja karatasi chini ya mguu wa mizani hadi ikae sawa. Kisahani kitupu kwanza, ncha kwenye sifuri, kisha kipande cha shaba ambacho uzito wake unajulikana. Makali niliyafuta kwa kitambaa kikavu tu. Nikimaliza, niliuondoa ufito na kuulaza sandukuni, usibaki ukigongagonga. Mume wangu alipigwa marufuku jikoni.

"Mama, hata kupumua iko tatizo?" aliniuliza akiwa mlangoni na kikombe chake.

"Baba, pumulia kule sebuleni."

Nilijaza risasi hamsini. Nilizipanga kwenye kasha, vichwa juu, nikajivuna, sitaficha.

Kwenye uwanja wa shabaha, yeye ndiye aliyetangulia kupiga. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili komeo lilikuwa zito kidogo kufunguka. Ya tatu lilikataa kabisa, akalipiga kwa kiganja hadi likaachia. Mzee aliyekuwa pembeni yetu alinyoosha mkono akasema kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, "Acha. Usipige tena." Aliokota ganda, akaligeuza kitako juu. Ile fataki, ambayo inapaswa kuwa na mviringo kidogo pembeni, ilikuwa bapa kama imepigwa pasi. Maana yake ni moja tu: baruti ilizidi. Kipimo tulichochagua hakikuwa mbali na mwisho wa jedwali la vipimo vya baruti, na mimi nilikuwa nimepita mwisho huo bila kujua.

"Nani alipima?" mzee akauliza.

"Sisi," mume wangu akajibu, yeye ambaye hata mlango wa jiko hakuuvuka.

Nilitazama shavu lake, alama ya kitako cha bunduki bado ikiwa nyekundu. Nikakaa kwenye nyasi zenye umande. Angeendelea hadi ya nne, ya tano, na komeo lingeweza kumrukia usoni. Dereva asiye na macho ni nani?

Jumatatu mzee alikuja Tensta na vizito vyake vya shaba. Alikagua mizani yangu saa nzima, mimi nimesimama nimekunja mikono. Ilikuwa nzima, sahihi kuliko yake, akakiri. Kisha akaniomba nipime mbele yake. Nilikaza roho, nikatikisa kijiko, punje zikaanguka, ncha ikapanda, ikafika mstarini. Nikatikisa tena kidogo, ufito ukalala kabisa upande wa kisahani. Nikachukua kisahani.

"Umeongeza," alisema.

"Sijaongeza."

"Umeongeza baada ya mstari."

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa Kiswidi changu cha kazini, kwamba nimekuwa nikipima tangu kabla sijajua kusoma. Akarudisha kisahani, akaniomba niangalie mwenyewe. Ncha ilikuwa imegota juu, na ikishagota, haikuambii imezidi punje mbili au ishirini. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikauona mkono wangu ukitikisa tena, wenyewe, wakati mimi nimeshaamua kuacha. Niliuangalia kama mkono wa mtu mwingine. Aibu iliyonishika siku hiyo sijawahi kuipata hata nilipokosea Kiswidi mbele ya daktari.

Jioni mama alinipigia kutoka Uvira. Nikamweleza yote, nikitaka pole. Akacheka.

"Lakini mama," aliniambia, maana hata mimi binti yake huniita mama, "mizani ikisimama katikati, si ni kumwibia mutu? Lazima ilale kwake. Njo vile nilikufundisha. Unapima, unaweka na matabishi."

Ni kweli, alinifundisha hivyo. Matabishi ni ile nyongeza ya bure, konzi moja baada ya mizani kulala, na muuzaji asiyeitoa husemwa soko zima. Kwa konzi hizo mama alipata wateja, na kwa wateja hao nikapata ada ya shule. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ipo siku ukarimu wangu ungeweza kumtoa mtu macho. Sikumwambia mama hilo. Nilisema tu kwamba baruti haihitaji wateja, naye akasema huko Ulaya mumekuwa wachoyo.

Risasi zilibaki arobaini na saba. Mzee alisema anaweza kuzivunja yeye, nikakataa. Niliazima nyundo ya plastiki, ile ambayo unafungia risasi ndani yake na kuigonga juu ya gogo hadi kichwa kiachie. Nilizivunja zote kwenye ghala lake la Väsby, moja baada ya nyingine, siku mbili, hadi bega likavimba. Kila baruti iliyotoka niliipima tena. Nyingine zilizidi kidogo, nyingine zilizidi sana. Niliandika kila moja kwa sababu nilitaka kuona nilichokaribia kumfanyia mume wangu. Mzee aliniletea kahawa, akasema inatosha, nimeshaelewa. Nikamwambia kuelewa naelewa, mkono ndio bado.

Basi nikaufundisha mkono. Majuma manne sikugusa baruti. Nilipima semolina, Jumamosi na siku zote za mapumziko, feni imezimwa, dirisha limefungwa. Nilijifunza kuacha kijiko ncha ikiwa bado chini ya mstari, kukiweka mbali kabisa, kisha kumalizia kwa kibano, punje kwa punje. Ncha ikipita mstari, hata kwa unywele, nilimwaga yote na kuanza upya. Ilinichosha na kunitia hasira. Siku moja nilikitupa kibano kwenye sinki. Ilikuwa inaniuma kumpimia mtu sawasawa na kuondoa mkono. Nilijiona mchoyo kweli. Lakini niliuondoa, na tena, na tena, hadi ukaanza kuondoka wenyewe.

Nikajaza risasi tano tu, kwa kipimo cha chini kabisa cha jedwali.

Uwanjani nilimwambia mume wangu napiga mimi kwanza. Akanipisha. Nilipiga moja. Komeo nililifungua kwa vidole viwili. Fataki ilikuwa na mviringo wake. Nikapiga ya pili, ya tatu, kila moja nikaikagua kwa lenzi, Waswidi wa mstari wa kupigia wakinisubiri bila kunung'unika. Kisha nikatoa bunduki ikiwa wazi, nikamkabidhi.

"Angalia kwanza maganda," nilimwambia.

"Niangalie nini?" alisema akiingiza risasi. "Si ni wewe ulipima?"

Akaliweka shavu lake palepale. Mtu ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka alitulia kuliko mimi. Nilitaka kumshika bega, nikajizuia, nikabaki nyuma yake nikiangalia kisogo chake na kuhesabu pumzi zake. Akapiga. Akafungua, akapiga tena.

Alipogeuka kunitazama alikuwa anacheka, na macho yake yote mawili yalikuwa yananiona. Nikalia mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujipangusa.