Padri Aliyepita Mlangoni kwa Mjomba

Chuoni kwetu, chini ya milima ya Uluguru, Kilatini kilikuwa lazima, Kigiriki cha kale kilikuwa hiari. Somo la hiari likikosa wanafunzi watatu lilifungwa. Sisi wa Kigiriki tulikuwa watatu kamili: mimi, sista mmoja wa Songea aliyetuzidi wote, na kijana Mluguru ambaye kwao ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kupanda mlima. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza, nikitamani siku moja kusoma ukurasa mzima bila kufungua kamusi.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Malori ya watu binafsi yalifika hadi mwisho wa barabara ya mlimani kuchukua kabichi za kuuzwa Dar es Salaam. Jumatatu moja yule Mluguru akatuambia kwao wanamtaka akasimamie mzigo sokoni.

"Ukiondoka wewe, umetufukuza na sisi," sista akasema.

"Sista, usinitwishe dhambi asubuhi yote hii."

Mwalimu wetu, padri wa Kilimanjaro, alipanda mlima Jumamosi kuongea na baba wa kijana. Alirudi na matope hadi magotini na mkungu wa ndizi.

"Mzee amekubali hata sijamaliza kueleza!"

Kijana hakufurahi. "Baba hukubali kila kitu, Padri. Shamba ni la wajomba. Na mimi ni wa wajomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema unakwenda kumsalimia mzee. Ningekukatazaje?"

Jumatano mjomba akashuka mwenyewe. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa dawati la nyuma na koti lake na mabuti ya mpira.

"Padri, ulipita mlangoni kwangu. Hata mbwa wangu alikusalimu. Wewe hukusimama."

"Nimekosa, Mzee. Kwetu anayeulizwa ni baba."

"Kwenu." Akatazama ubao uliojaa herufi. "Hiki kimebakiza muda gani?"

"Mwaka huu na ujao."

"Kabichi haingoji mwaka ujao."

"Haingoji," padri akakubali.

Nilitegemea atakitetea Kigiriki. Hakukitetea. Mjomba akamwuliza mpwa wake jambo fupi kwa Kiluguru. Kijana akajibu akitazama sakafu. Kisha mjomba akatoa uamuzi: kijana asome, ila kuanzia Ijumaa hadi Jumapili awe na lori.

"Na siku nyingine ukipanda, Padri, anzia kwangu."

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu alfajiri lori lilimshusha Mwembesongo, mtaa wa mjini, naye akaja darasani ananuka kabichi. Sista alimfinya akisinzia. Wakati mwingine alifasiri mstari vizuri kuliko mimi niliyelala usiku kucha. Kadiri miezi ilivyokwenda alizungumza zaidi habari za soko: nani kapandisha bei, dereva gani mwongo, mvua imeharibu barabara wapi. Madaftari yake yalibaki meupe.

Mwaka ulipokwisha alitwambia harudi.

"Mjomba amekulazimisha?" sista akamwuliza.

"Wala. Mjomba ameninunia. Anasema alishampa padri neno lake." Akacheka kidogo. "Mimi ndiye sitaki."

Mchana wa siku hiyo mimi na sista tulikwenda ofisini kujaza fomu za kuhamia somo jingine.