W Moja Katika Sifa za Mfalme

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya themanini, nilipewa aproni iliyoganda wino na kuonyeshwa kesi, yaani treya la mbao lenye vyumba vidogo vya herufi za risasi. Kiwanda chetu cha kuchapa kilikuwa River Road, nyuma ya duka la misumari. Herufi tulizisoma kinyume, kama mtu anayesoma kwenye kioo, na ilinichukua miezi mitatu kuacha kuchanganya b na d. Nyinyi mnaobonyeza na kufuta hamjui adabu hiyo.

Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi, mtu wa miwani na kalamu nyekundu. Yeye ndiye aliyenifunza kazi, hilo siwezi kumnyima.

Mwaka wangu wa tatu, Mwalimu mmoja wa sekondari alileta mwongozo wa tanzia ya Kiingereza iliyotafsiriwa, ile ya mfalme mpole anayeuawa na jemadari aliyemkaribisha kwake. Ukurasa mzima ulieleza sifa za mfalme mwema: huwatuza walioumia vitani, hajivuni, haogopi kuambiwa ukweli. Sentensi ya mwisho ilikuwa, "Zaidi ya yote, mfalme mwema husikiliza." Niliipanga kwa furaha.

Msimamizi alisoma prufu, ile karatasi ya kujaribia, kisha akaiweka chini.

"Hapa weka w. Isome husikilizwa."

"Lakini mkubwa, hiyo itageuza maana."

"Ndiyo nataka igeuke. Watu wa serikali wakisema tunafunza watoto wa shule kuuliza wakubwa maswali, ni mimi watakuja kushika, si wewe."

Nikaichomeka. Kwa herufi hiyo moja mfalme aliacha kusikiliza, na watu wote wakapewa kazi ya kumsikiliza yeye.

Mwalimu alipokuja kuchukua vitabu alifungua ukurasa ule ule, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Hii w imetoka wapi?"

Msimamizi akaninyooshea kalamu. "Ni huyu fundi. Unajua hawa, hawajasoma sana."

Mwalimu alinitazama, akingoja niseme neno. Nilikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili. Nikainamia kesi yangu, naye akabeba vitabu vyake bila kuniaga. Hasira ya siku ile ninayo hadi leo, nusu kwa Msimamizi, nusu kwangu mwenyewe.

Miaka ya tisini kiwanda kilihamia Kilimani, herufi za risasi zikauzwa kama chuma chakavu, na Msimamizi akawa Meneja. Sasa maneno yalibandikwa kwenye karatasi na kupigwa picha. Mwongozo ule ulirudi kuchapwa upya, na w yake ile ile, baada ya wanafunzi wa miaka yote hiyo kuikariri. Aliyeuleta alikuwa mjane wa Mwalimu. Hata kumwomba mwenyewe radhi sikupata.

Nilichukua wembe nikaikata ile w, nikasogeza a ikae vizuri. Vitabu vilipotoka, Meneja akaniita ofisini.

"Nani ametoa w hapa?"

"Ni mimi, mkubwa. Niliiweka kwa amri yako, nimeitoa kwa akili yangu."

"Na nani alikuuliza maoni?"

"Hakuna. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza."

Leo nafuga kuku wangu hapa Mutuini, na tanzia ile nimeisoma hadi jalada likang'oka. Yule jemadari aliyejitwalia kiti alikuwa na watu wengi wa kumsikiliza, ila hakubaki na hata mmoja wa kumwambia kitu. Meneja wangu aliuchapa mwongozo wa hadithi hiyo mara mbili na hakuielewa.

Juma lile lile aliloniita ofisini, alinipa barua. Ilisema, "Umestaafu." Sikuwa nimeomba, wala umri haukuwa umefika. Nilichukua kalamu yake nyekundu, nikaikata u ya mwisho na kuongeza herufi zilizokosekana hadi ikasomeka "umestaafishwa", nikairudisha mezani pake. Safari hii w ilikuwa mahali pake.