Gunia la Bibi Harusi

Jamani, hii aibu nilishaapa nitaificha mpaka kaburini, lakini kwa kuwa nusu ya Kariakoo waliisoma kwa macho yao, bora niwasimulie mwenyewe kuliko muipate kwa wachukuzi, ambao hawana dogo.

Shangazi yangu Thureya ana duka la vitambaa vya sare za harusi, na mimi ndiye niliyemshikia bango aniachie ukurasa wa duka niuendeshe. Nikamwambia majirani zetu wote washamba, video zao kelele tupu, sasa mtu akiwa ofisini au msibani ataziangaliaje? Tuweke maandishi chini, watu wasome! Shangazi akanitazama weee, akasema, "Haya, Mwanaidi. Ila ujue hilo duka ndilo jina langu."

Basi siku hiyo akaingia Bi Zuwena, mama wa makamo, anatafuta sare za ukoo mzima kwa harusi ya binti yake. Nikamwamkia, nikaomba kumrekodi akichagua.

"Rekodi tu, mwanangu, Nasra wangu naye aone. Video za maduka huwa zinampita."

(Mimi nikadhani Nasra ana shughuli nyingi. Akili zangu hizo.)

Yule mama alishika kila jora la dukani, akakunjua, akanusa, akalowesha ncha za vitambaa aone kama vinachuja, akaletewa soda akanywa yote, kisha akataja bei iliyomfanya hata Shangazi akohoe. Nami nipo nyuma ya simu, mdomo hauna breki, nikawa nanong'ona peke yangu: "Anataka sare kwa bei ya madekio. Mwanawe ataolewa kavaa gunia, na gunia lenyewe ataomba apunguziwe." Hakuna aliyenisikia ila simu, maana ilikuwa karibu kugusa mdomo wangu. Wale wawili wakabishana mpaka wakaelewana, Bi Zuwena akaahidi kurudi kesho yake kuchukua mzigo, na Shangazi akaanza kuimba, jambo ambalo kwa biashara ya mwaka huu ni nadra.

Mimi nikaingia kazini. Programu ya simu ikasikiliza video na kuandika maneno yenyewe, mimi nikasoma mstari wa kwanza tu, "Karibuni wateja wetu", sahihi kabisa. Kuisoma yote? Hiyo kazi ya washamba! Nilipoirudia kwa sauti ndipo nikajisikia nikinong'ona, nikaweka taarabu juu yake, nikaongeza sauti ya muziki mpaka mnong'ono ukazama. Nikajiona fundi. Kwamba maandishi yalishaandikwa kabla ya muziki, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyehubiri watu wanaangalia kimyakimya, hilo halikunijia. Nikaposti.

Asubuhi yake natoka mtaa wa Gerezani kufuata vifungo vya nguo, mchukuzi mmoja kasimamisha mkokoteni wake katikati ya njia kwa ajili yangu. "Dada, lile gunia bei gani?" Nikamjibu kwa nyodo kwamba sisi hatuuzi magunia. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Duka la pili wakaniuliza madekio. Hapo ndipo nikafungua simu, nikasoma: mnong'ono wangu wote umeandikwa chini ya video.

Nilipofika dukani Bi Zuwena alikuwa ameshakaa, na pembeni yake msichana mzuri, kimya. Wateja wamejaa. Nikasema shikamoo. Haikuitikiwa.

"Sikuvaa miwani," Bi Zuwena akasema. "Nisomee hayo uliyoandika."

Nikamtazama Shangazi aniokoe, Shangazi akatazama dari. Basi nikasoma. Nilisoma gunia, nilisoma madekio, mbele ya watu wote, neno kwa neno kama mtoto wa chekechea.

"Mwanangu hasikii tangu azaliwe," akasema Bi Zuwena. "Hii ndiyo video ya kwanza ya dukani aliyoielewa bila mimi kumweleza. Alinikimbilia na simu anacheka, tuangalie wote. Halafu akafika hapo."

Nikaanza kuomba radhi, nikakumbuka Nasra hanisikii, nikawa napunga mikono hewani kama mwehu. Yeye akaandika kitu kwenye simu yake, akanigeuzia nisome: "Maduka mengine hayaweki maandishi. Nilifurahi sana."

Wakavuka barabara, wakanunua kwa jirani yule mshamba wa kelele. Shangazi hakunigombeza hata neno, alirudisha tu majora rafuni moja moja, na mimi nikatamani angenipiga.

Maandishi bado naweka, kila video, na nasoma mpaka nukta ya mwisho. Na nikishika simu kurekodi, natia karafuu mdomoni na kufunga midomo. Nasra hajarudi kuangalia, lakini mimi naandika kama vile anaangalia.