Mashuka ya Hoteli na Mke Mwenzangu

Chake Chake ilipoanza kuchemka, mimi nilikuwa barazani kwangu Machomane, nyuma ya cherehani, nashona sare za skuli na madera ya harusi. Nasema kuchemka kwa sababu sina neno jingine. Kila ukitoka unakuta kitu ambacho jana hakikuwapo: huku barabara inachimbwa, kule ghorofa inapandishwa, pale duka la simu limefunguliwa mahali palipokuwa na banda la mbuzi. Wageni waliokuwa wakishuka uwanja wa ndege na kupitishwa mbio hadi fukwe za kaskazini mwa Pemba, kama kwamba mji wetu una upele, wakaanza kuteremka garini. Wananunua halua, wanapiga picha karafuu zilizoanikwa, wanauliza njia ya kwenda kisiwa cha Misali. Vijana waliokwenda kutafuta maisha Unguja na Dar es Salaam wakarudi na mabegi yao, wanasema maisha yamehamia huku. Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikashikwa na kiherehere. Nilitaka na mimi niwemo. Niwemo kwenye nini, sikujua.

Kilichonifungulia mlango ni mapazia. Hoteli mpya ilikuwa inamalizwa kujengwa upande wa barabara ya uwanja wa ndege, na meneja wake, mama mmoja wa Tanga, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, alinipa kazi ya kushona mapazia ya vyumba vyote. Siku aliyokuja kuyachukua alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akajipepea na ushungi.

"Mapazia mazuri, dada. Sasa kinachoniumiza kichwa ni mashuka mapya, lazima yafuliwe kabla ya kulaliwa. Mashine ya kufulia imegoma, kipuri chake kiko Dar kinasubiri meli, na wageni wa kwanza wanaingia Ijumaa. Humjui mtu anayefua?"

"Mimi," nikasema.

Wallahi sijui neno lile lilitoka wapi. Mimi nafua nguo za nyumbani kwangu, na hizo pia kwa kununa. Lakini ulimi ulishatangulia, na meneja alishasimama ananipa mkono.

Asubuhi yake pikapu ilisimama mlangoni. Dereva akaanza kuteremsha: mashuka, foronya, mataulo, na vitambaa vyeupe ambavyo hata leo sijui vinafunika nini. Lundo likapita urefu wa dirisha. Nikaenda kufungua mfereji. Ukakohoa, ukatema upepo, ukanyamaza. Jirani akanipigia kelele kutoka ukutani kwake, "Maji hakuna mtaa mzima, bibi! Wanatengeneza barabara, wamekata bomba!"

Nilisimama pale uani na ndoo mkononi, nikajua kuna mahali pamoja tu karibu penye kisima kisichokauka na uwanja mpana wa kuanika. Na pale mahali sikuwahi kwenda peke yangu hata siku moja.

Hapa lazima nieleze. Mume wangu ana wake wawili, na mimi ndiye mkubwa. Mdogo anakaa Wawi, kwenye kiwanja alichorithi kwa baba yake. Hatukupata kugombana, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu: hatukuwa na ukaribu wa kutosha kugombana. Tulikutana mazikoni na siku za Idi, tukapeana mikono, tukaulizana hali za watoto, kila mtu akashika njia yake. Habari zangu alizipata kwa mume, na zake nilizipata kwa mume. Naye, kwa kuwa ni fundi seremala, alizipiga randa kwanza ndipo akazifikisha.

Nikamwambia dereva, "Pakia tena. Twende Wawi."

Nilipopiga hodi alitoka na mikono imejaa unga wa chapati. Akanitazama mimi, akaitazama pikapu, akanitazama tena.

"Bi Mkubwa! Kwema huko utokako?"

"Kwema, mwenzangu. Nimekuja kukuomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kufulia."

Akaenda mpaka kwenye gari, akainua ncha ya shuka la juu, akaona lililo chini yake, na la chini ya hilo. "Bi Mkubwa, unawafulia watu wa Wete wote na wa kisiwa kizima cha Fundo?"

Nikamweleza. Nilieleza haraka, kwa aibu, na nilipofika pale niliposema "mimi" bila kufikiri, nikaona mdomo wake unatetemeka. Nikadhani amekasirika. Kumbe anazuia kicheko. Kikamshinda. Akacheka mpaka akashika boneti ya pikapu, akaacha alama ya unga, na mimi, niliyekuwa karibu kulia, nikajikuta nacheka naye.

"Maji sikupi," akasema alipopata pumzi. "Ukiyachukua utaondoka nayo, na mimi nibaki na chapati. Tunafua wote, tunapata wote. Buluu umeleta?"

"Nimeleta."

"Basi teremsha."

Tulifua siku ile kama watu waliopagawa. Yeye anachota, mimi nasugua, tunasuuza, tunatia buluu ili yang'ae weupe, kisha tunakamata shuka huku na huku na kulikamua kila mtu upande wake, mpaka linakuwa kama kamba. Mashuka ya vitanda vya hoteli si mchezo, kila moja ni tanga la jahazi. Tukafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi, na uwanja wote ukawa mweupe.

Upepo ulikuja baada ya adhuhuri. Shuka moja lilichomoka vibanio, likaruka ua, na kule nje tukasikia pikipiki ikikoroma, breki, na sauti ya mwanamume inasema, "La ilaha illallah!"

Tulitoka mbio. Alikuwa mume wetu, amekaa kwenye pikipiki iliyozimika, amefunikwa gubigubi. Akajifunua uso. Akamwona mke mdogo. Akaniona mimi. Rangi ikamtoka.

"Nani kafa?" akauliza.

Tukaangua kicheko. Mke mwenzangu alikaa chini pale pale njiani. Mimi nilimshikilia mume wetu begani ili nisianguke, na yule maskini anazidi kuuliza, "Jamani, nambieni, ni nani? Ni watoto?" Tulipomwambia ni mashuka ya hoteli, alishuka, akaingia uani, akatembea baina ya zile kamba kama mtu anayekagua nyumba aliyouziwa. Mwisho akasema, "Mko pamoja tangu asubuhi?" Na nilivyomfahamu, hilo ndilo lililomtisha kuliko msiba.

Tulikunja mashuka makavu, na mke mwenzangu akakwea jukwaa la mbao lililoegemezwa mtini kuchuma langilangi, yale maua ya kunukia, maana mti wenyewe uko nyuma ya jiko lake. Akaweka ua moja moja katikati ya kila shuka lililokunjwa. Mimi nilipinga. "Wageni wanataka shuka, hawataki bi harusi."

"Watalala vizuri," akasema.

Jumamosi meneja alinipigia simu. "Dada, mmeyafanyaje yale mashuka?" Nikaanza kusema tutayarudia, tutayafua tena bure. Akanikatiza kwa kile kicheko chake. "Mgeni mmoja kaniuliza kama anaweza kulinunua shuka alilolalia! Mashine ikipona nitaitumia kwa mataulo. Mashuka ni yenu."

Tangu hapo hatukupumua. Kila hoteli iliyofunguliwa ilikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyelala kwenye ile ya kwanza. Mfanyabiashara wa Kihindi wa pale sokoni, ambaye babu yake alikuwa akimuuzia sabuni bibi yangu, akaanza kutuwekea sabuni kando kabla hatujaagiza, na kila nikipita ananiita, "Bi Hoteli! Leo umelaza nchi gani?" Tukaajiri wanawake wawili wa Wawi, halafu dada mmoja aliyekuja kutoka Fundo na mikono yenye nguvu kuliko ya mwanamume. Tulishindwa kuzoea. Asubuhi nikiamka nacheka peke yangu, naona kama nimeiba kitu na hakuna aliyeniona.

Kisha ukaja mkutano wa wawekezaji. Walitoka Unguja, bara na nchi za nje, wakajaa ukumbini Chake kusikiliza kwa nini mtu alete fedha zake Pemba. Yule meneja alikuwa miongoni mwa wasemaji, akawaambia waandalizi wasiwasikilize wenye hoteli peke yao, wawaite na wanaozifanya hoteli zilalike. Ndivyo tulivyopelekewa barua ya mwaliko, mimi na mke mwenzangu.

Nilishona madera mawili kwa kitambaa kimoja, rangi ya bahari kunapokucha. Tulipopanda jukwaani nikaona mume wetu amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandalia njia ya kukimbilia.

Waliotutangulia walizungumza vizuri. Walisema mvuto wa biashara, walisema mazingira rafiki, walisema Pemba ni lulu. Mimi zamu yangu ilipofika nilisahau niliyoyakariri, nikasema moja tu nililokuwa nalo rohoni: "Jengeni hoteli, karibuni sana. Lakini samaki nunueni hapa, mboga nunueni hapa, na mgeni akilala Pemba, alale kwenye shuka lililofuliwa Pemba." Watu wakapiga makofi. Nikakaa.

Mwendesha mkutano, kijana mtanashati mwenye suti, akamgeukia mke mwenzangu. "Mama, tusaidie. Watu wengi hapa wanataka kujua. Mtaji wenu wa kwanza mliupata wapi?"

Mke mwenzangu akaivuta mikrofoni karibu. "Mtaji wetu wa kwanza ni mume," akasema.

Kijana akatabasamu kwa adabu. "Alikupeni fedha?"

"Fedha? Hakutupa fedha. Ni mume mwenyewe. Tunaye mmoja, mimi na Bi Mkubwa, na tunamgawana miaka yote hii. Tukaona, kama mume tumemuweza, mashuka yatatushinda nini?"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Kilianza kwa wanawake wa safu za mbele, kikapanda, kikafika kwa wageni wa nje wakisubiri kutafsiriwa, na wao walipotafsiriwa kikaanza upya. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mtaji wenyewe huu hapa!" Kumbe ni rafiki wa mume wetu, wa kule karakana ya mbao, kamshika mkono. Watu wote wakageuka. Nilidhani mume atatoka nje. Lakini alisimama, akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kulia, akainama kidogo kushoto, kama waziri. Na mimi, jukwaani mbele ya watu wazito, nikacheka mpaka machozi yakaharibu wanja wangu wote.

Baada ya pale mwekezaji mmoja wa kutoka Unguja akatufuata kwenye chai. Alikuwa amepata ufukwe kaskazini, karibu na msitu wa Ngezi, na alitaka tumfulie tangu siku ya kufungua. Tukaandikiana mkataba. Leo tuna mashine mbili kubwa Wawi, na tanki la maji juu ya mnara, ingawa mashuka bado yanakauka juani na langilangi bado inachumwa kwa mkono. Mume wetu hutengeneza vitanda vya hoteli zile zile. Habari za kupigwa randa hazipo tena, maana wake zake wako pamoja kutwa, na wanajua kila kitu.

Hoteli ya kaskazini ilipokuwa tayari, mwenyewe alitualika tukaione. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwenye chumba kilichotandikwa mashuka yangu. Dirisha kubwa, bahari imelala pale chini, na kitanda kipana kama baraza. Mhudumu akatuachia funguo, akasema tujisikie tupo nyumbani, akafunga mlango.

Tulitazamana. Mke mwenzangu akavua viatu. Nikavua vyangu. Tukajitupa wote wawili kwa mara moja, chali, mikono tumeitandaza, na kitanda kikatupokea bila kulia hata kidogo.

"Bi Mkubwa," akasema, macho kayafumba, "hivi ndivyo wanavyolala?"

"Hivi hivi."

"Basi ndiyo maana wanarudi."

Mhudumu akagonga. "Mama zangu, kuna mnachohitaji?"

"Chai, mwanangu," mke mwenzangu akajibu bila kufungua macho. "Lakini usifanye haraka. Bi Mkubwa bado hajajaribu ubavu wa kushoto."